Kolibri katika maktaba ya Lamu: inamfaa kijana aliyeacha shule?

Kolibri ni programu ya masomo isiyolipiwa, kazi ya Learning Equality, shirika la Marekani lisilotafuta faida. Masomo hupakuliwa mara moja yakakaa ndani ya kompyuta moja, kisha simu zilizo karibu zikayafungua kwa Wi-Fi bila kula bando. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: maktaba ya umma kisiwani Amu (Lamu) ikiiweka, itamfaa kijana aliyekatiza masomo na hana ajira? Itamfaa, lakini waliotengeneza Kolibri walimfikiria mwanafunzi mwenye mwalimu. Huyu wetu hana mwalimu, na pengo hilo ni la maktaba kuliziba.

Kompyuta kuukuu ya Windows inatosha kuanzia. Wengi hupendelea Raspberry Pi 4, kompyuta ya ubao mmoja tu, kwa kuwa ni ndogo na inakula umeme kidogo, na hapo ndipo taabu zinapoanzia. Inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Ukiipa chaja hafifu ya simu, alama ya radi huonekana kwenye skrini, kisha mashine hujizima na kuwaka upya katikati ya somo. Stima ikikatika wakati inaandika, memori kadi inaweza kuharibika na kazi ya wiki nzima ikapotea. Masomo yawekwe kwenye diski ya SSD, umeme upitie UPS ndogo (betri ya akiba), na kila mhudumu afundishwe kuizima kwa amri, asing'oe plagi. Kasoro nyingine huchelewa kugundulika: Pi 4 haina saa yenye betri. Ikilala imezimwa na asubuhi isipate intaneti, tarehe hubaki nyuma, na ripoti ya mahudhurio unayotaka kuipeleka kaunti kuombea bajeti inakuwa haina maana. Kipande cha saa cha DS3231 kinamaliza tatizo hilo. Tena mashine isikae kwenye dirisha linalotazama bahari, kwani hewa ya chumvi hula vyuma vya kuunganishia.

Wi-Fi ya Pi yenyewe huhimili simu kumi hivi zinazotazama video; zikizidi, ongeza ruta. Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye data kimyakimya, ukurasa ukakataa kufunguka, na kijana akaondoka akiamini mtambo umekufa. Bandikeni ukutani kwa herufi kubwa: zima data, kubali kubaki kwenye Wi-Fi, andika anwani hii.

Kwa masomo, menyu za Kolibri zinapatikana kwa Kiswahili, jambo linalostahili sifa. Kuna hisabati ya Khan Academy, sayansi ya CK-12 na majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini ya PhET. Msipakue Khan Academy nzima, itajaza diski bure. Chagueni asilimia, desimali, vipimo, eneo na ujazo, hesabu ambazo fundi mwashi na mchuuzi wa samaki watazitumia kesho yake. Hadithi za African Storybook husaidia asiyesoma vizuri, ila ni za watoto, na mtu wa miaka 22 asifunguliwe hizo mbele ya wenzake. Anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kibinafsi awe na silabasi ya KNEC (baraza la mitihani) mkononi, kwa sababu mpangilio wa Khan ni wa shule za Marekani.

Upungufu mkubwa ni kwamba hakuna linalogusa safari ya kazi yenyewe. Fundi aliyejifunzia kuunda majahazi ufukweni Matondoni au kwenye karakana ya milango hataambiwa kwamba NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, hutoa mitihani ya ufundi, kuanzia Gredi ya III hadi ya I. Hataonyeshwa namna ya kupata PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) wala kuandika wasifu wa kazi. Dawa ipo katika Kolibri Studio, tovuti ambako maktaba hutunga chaneli yake, yaani mkusanyiko wa masomo, kwa PDF, sauti na video. Video irekodiwe kwa simu, kwa Kiswahili, isizidi dakika tano, jambo moja kila video. Intaneti inatakiwa wakati wa kutunga na wa kuipakua chaneli tu.

Kujaza fomu zenyewe kunataka intaneti, basi iwepo kompyuta moja iliyounganishwa, kwa zamu ya nusu saa. Akiondoka mtu, mhudumu ahakikishe amejitoa kwenye akaunti na nakala ya kitambulisho imefutwa. Hili hupuuzwa sana, na madhara yake ni makubwa. Kwenye Kolibri pia, jina la kuingilia lisiwe nambari ya kitambulisho. Ruhusuni vijana wajifungulie akaunti, maana anayeingia kama mgeni maendeleo yake hayahifadhiwi.

Ratiba ifuate mji. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, vijana wa uvuvi wanakuwa na nafasi, na huo ndio wakati wa kuongeza saa. Baada ya alasiri panafaa, na Ramadhani saa zihamie asubuhi. Wasichana wengi hawatakuja jioni, hivyo wapewe zamu yao mapema, na mwenye mtoto mchanga asirudishwe mlangoni.

Fedha zikitosha jambo moja tu, tungetanguliza mhudumu wa saa mbili kila siku na hiyo kompyuta yenye intaneti. Kolibri itasakinishwa baadaye kwenye mashine hiyohiyo, bila gharama ya leseni.