Diski za breki kwa gari dogo la zamani: ipi ununue ukiwa Kigoma

Kigoma ni mji wa miteremko. Kutoka Mwanga kushuka Barabara ya Lumumba hadi stesheni ya reli, mguu hautoki kwenye pedeli, na ukirudi kutoka Manyovu ni kushuka tu. Kwenye Vitz, IST, Passo au Corolla 110 kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na breki za mbele, kwa hiyo siku fundi akisema, "Bosi, diski zimekwisha," huenda ni kweli. Lakini mwambie apime ukiona. Diski nyingi hutupwa zikiwa bado na maisha, na nyingine huachwa garini zikiwa zimeshapita kikomo.

Kikomo chenyewe kimeandikwa kwenye diski, kwenye ukingo au sehemu ya katikati iliyoinuka: MIN TH, kisha namba kwa milimita. Kwa magari haya madogo tofauti kati ya diski mpya na iliyokwisha huwa karibu mm 2 tu, kwa hiyo kukadiria kwa jicho hakusaidii. Tatizo la kupima kwa venia, kile kipimio cha taya mbili, ni ule mdomo wa kutu unaobaki ukingoni ambako pedi hazifiki. Venia ikikalia hapo inasoma unene ambao haupo. Dawa ni sarafu mbili za aina moja: bandika moja kila upande, ndani ya njia inayosuguliwa na pedi, pima vyote pamoja, kisha toa unene wa sarafu. Rudia sehemu tatu nne kuzunguka diski.

Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki kwenye mwendo wa 80 hivi, wengi husema diski imepinda. Mara nyingi unene wake ndio hauko sawa, kwa sababu diski ilifungwa juu ya kutu ya habu (kitovu cha gurudumu ambako diski hukaa), au nati zilikazwa upande mmoja na mtu wa pancha aliyekuwa na haraka. Diski ikiyumba zaidi ya takriban mm 0.05 inapozunguka, pedi huila vibaya kidogo kidogo hadi mtetemo uanze. Kama gari linatetemeka hata usipokanyaga breki, acha diski, angalia tairi, balansi na bushi. Na ile kutu nyekundu ya asubuhi baada ya mvua ya usiku isikutoe hela, huondoka ukikanyaga breki mara chache. Mikwaruzo myembamba ni kawaida. Ufa unaofika ukingoni si kawaida, hiyo diski haifai hata kusubiri mwisho wa mwezi.

Ukishapima na kuona kweli zimekwisha, mpangilio wangu ni huu.

1. Mpya ya kampuni inayojulikana, isiyo ya OG (yaani spea halisi yenye jina la mtengeneza gari)

Bosch, TRW, Brembo, ATE, na kwa magari ya Kijapani pia Blue Print au Kavo. Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Diski ni chuma cha kumimina kilichochongwa vizuri, na kampuni hizi ndiyo kazi yao ya kila siku. Bei huwa chini ya OG, na kwa gari la miaka ishirini hiyo ni hoja nzito.

Shida ni feki, maana boksi zuri kila mtu anaweza kulichapisha. Kwa hiyo itoe diski kwenye boksi hapohapo dukani. Jina au namba iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na ule unene wa mwisho. Nyingi zinazouzwa Ulaya huwa na alama ya E ndani ya duara na namba yenye 90R, ambayo ni kanuni ya kimataifa ya diski na pedi mbadala. Chungulia ndani ya matundu ya hewa: kuta za pande mbili ziwe na unene sawa, zile mbavu za katikati zisiwe zimevunjika wala kuziba kwa chuma kilichomwagika. Ukingoni mara nyingi utaona sehemu imechongwa kidogo, ni alama kwamba imefanyiwa balansi. Kama kuna mzani jirani, pima zote mbili. Jozi ambayo moja ni nyepesi kwa namna inayoonekana, irudishe. Muuza duka akikuzuia kufungua boksi, umeshapata jibu.

2. OG ya Toyota

Hii haina mashaka ya kukaa. Namba ya spea ya diski ya mbele ya Toyota huanza na 43512, na pedi za mbele huanza na 04465. Hata kama hutanunua OG, mwambie mwenye duka akutafutie namba kamili kwa namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayokupa diski mbadala sahihi ya kampuni nyingine. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu. Gari likiwa la biashara na siku moja ya kulala gereji inakuumiza, ipandishe iwe ya kwanza.

3. Kuchonga zilizopo

Kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchonga chuma, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, lakini hesabu lazima ikubali. Chukua mfano wa diski ambayo mpya ni mm 18 na kikomo chake ni 16. Umepima ukapata 16.6. Ili mikwaruzo iishe inabidi kutoa mm 0.4 kila upande. Utabaki na 15.8, yaani umelipa kuchonga diski ambayo haifai tena. Ingekuwa 17.4, chonga bila wasiwasi. Zichongwe zote mbili za ekseli moja, pande zote mbili, na sehemu inayokaa kwenye habu isafishwe kabla ya kufungwa kwenye mashine, la sivyo utaletewa diski inayong'aa na inayoyumba vilevile.

4. Mtumba kutoka Japani

Wauzaji husema chuma cha Japani hakifi. Kaskazini mwa Japani barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula mbavu za ndani ambako huoni bila tochi. Nunua tu kama unene umekaribia wa mpya na ndani ni safi. Pedi za mtumba, hapana.

5. Mpya isiyo na jina, na zile zenye matobo

Isiyo na jina wala namba popote, iache hata wakupunguzie. Zenye matobo na mistari hupendeza nyuma ya rimu, lakini zilibuniwa kwa joto la magari ya kasi, na matobo ndiyo mahali nyufa hupenda kuanzia. IST ya kwenda sokoni haizihitaji.

Sasa kuhusu kuagiza. Kigoma ukikosa saizi yako utapiga simu Kariakoo, mzigo utapakiwa kwenye basi, na ukifika haukai, nauli ya kurudisha ni yako. Magari mengi ya aina hii yana matundu manne ya nati yaliyopangwa kwenye duara la upana wa mm 100, na hapo ndipo watu hunaswa: diski inaingia vizuri kwenye habu, kumbe ni kubwa na inagusa kalipa (kibano kinachoshika pedi), au kimo chake ni kifupi na pedi zinakaa kando. Kabla ya kutuma hela, tuma namba ya chesisi, upana wa diski, unene wa mpya, kimo kutoka uso hadi mgongo, na upana wa tundu la katikati. Omba picha ya diski ikiwa na rula juu yake. Duka zuri halichoki na maswali hayo.

Nunua mbili kwa pamoja, na pedi mpya pamoja nazo, kwa sababu pedi za zamani zimeshashika umbo la diski za zamani. Diski ikiwa imeng'ang'ania habu, usiruhusu nyundo nzito. Toyota nyingi zina matundu mawili madogo yenye nyuzi za M8 usoni mwa diski: kaza bolti mbili humo zamu kwa zamu, itajitoa yenyewe. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kalipa ifungwe juu kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake. Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki, ile ya beringi huharibu mpira wa ndani. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yaoshwe yote kwa dawa ya kusafishia breki. Nati zikazwe kwa kukatiza, Nm 103 kwa Toyota hizi ndogo. Kisha kanyaga pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama, maana pistoni zimerudishwa nyuma na mkanyago wa kwanza hautashika kitu.

Katika kilomita 300 za mwanzo epuka breki za ghafla. Tafuta barabara tulivu, nenda 50, punguza polepole hadi 10, rudia kama mara kumi huku ukiziacha zipoe katikati. Manyovu subiri kwanza. Utakapokwenda, shuka kwa gia ndogo, otomatiki iwe L au 2. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 140, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili.

Breki za nyuma kwenye mengi ya magari haya ni za ngoma. Breki ya mkono ikipanda juu sana kabla ya kushika, mwambie fundi azikaze siku hiyohiyo anapofunga diski, la sivyo zile mpya za mbele zitabeba mzigo wa magurudumu yote manne.