Music While You Work au Workers' Playtime: kipi kilimfaa zaidi mfanyakazi wa kiwandani?

Vyote vilikuwa vipindi vya redio vya BBC, vilivyoanza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Music While You Work kilianza Juni 1940: nusu saa ya muziki mfululizo, mara mbili kwa siku. Kwa gharama kinashinda waziwazi, maana kiwanda kilihitaji spika tu na mashine hazikusimama. Ila kilibana. Hata wimbo wa kupigiwa makofi ulizuiwa, watu wasije wakagonga vyuma kwa zana zao.

Workers' Playtime (1941) kiliwafuata wafanyakazi kantini saa ya chakula, na wachekeshaji na waimbaji jukwaani. Kilidai safari na mafundi mitambo, tena jina la kiwanda likifichwa adui asilijue. Kwa uchangamfu, hakikuwa na mpinzani.

Aliyefanya kazi ileile zamu nzima alihitaji zaidi cha kwanza; aliyehamishiwa mbali na kwao, cha pili.