Saa ya sataranji ya kununua: angalia awamu kwanza, bei baadaye

Kwenye picha za madukani saa za sataranji za kidijitali zinafanana sana. Tofauti huonekana siku ya mashindano, mwamuzi anapotangaza muda: dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 za kumalizia mchezo, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua tangu ya kwanza. Muda huu umetumika kwenye Olimpiadi ya sataranji, na klabu nyingi huufuata. Saa isiyoweza kubeba awamu mbili, yaani vipindi viwili vya muda kama hizo dakika 90 kisha 30, pamoja na nyongeza haitakufaa mezani hapo, hata ikiwa ngumu na nzuri kiasi gani. Ndiyo maana nimezipanga saa hizi kwa kuuliza inaweza kubeba nini, ndipo nikaangalia bei.

Ya kwanza ni DGT 3000 ya Uholanzi. Imeidhinishwa na shirikisho la dunia, FIDE, inabeba hadi awamu tano, na ina nafasi za kuhifadhi muda uliojipangia mwenyewe, kwa hiyo huanzi upya kila raundi. Sekunde zinaonekana tangu mwanzo wa mchezo, na inaunganishwa na ubao wa kielektroniki wa kampuni hiyo. Bei yake inauma, na mchezaji wa nyumbani hahitaji hata nusu ya uwezo huo. Lakini klabu inayoandaa mashindano ikiweza kumudu chache tu, inunue hizi.

Ya pili ni DGT 2010, nayo imeidhinishwa na FIDE. Inabeba awamu na nyongeza vizuri. Kasoro yake ni kwamba inaonyesha saa na dakika tu mpaka zibaki dakika 20, ndipo sekunde zitokee. Mimi naona si hoja kubwa: mwenye dakika 50 mkononi hahesabu sekunde. Ukiipata iliyotumika ikiwa nzima, chukua.

Ya tatu naiweka LEAP PQ9907S ya China, kwa sababu ya bei. Ina nyongeza, nayo inatosha kabisa kwa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10, au dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, ambao ni muda wa mashindano ya dunia ya michezo ya haraka. Kwa shule inayotaka saa nyingi kwa fedha kidogo, ningeanzia hapa. DGT 1002 iko jirani nayo: rahisi kuipanga, ina nyongeza, ila ni ya awamu moja.

DGT 1001 naiweka chini kabisa. Inahesabu muda kushuka bila nyongeza yoyote, na wanaoanza huinunua kwa urahisi wake kisha wanatafuta nyingine. Saa za mishale nazo haziwezi kuongeza sekunde. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia wa sataranji, aliomba hataza (haki ya uvumbuzi) ya saa yake ya nyongeza mwaka 1988, na tangu hapo mashindano yamehamia huko. Programu ya saa kwenye simu ni ya bure na inafaa sebuleni, lakini kanuni za FIDE haziruhusu simu ukumbini bila idhini ya mwamuzi.

Kabla ya kulipa, ipange saa yenyewe dukani. Usipange dakika 90, utakesha. Weka awamu ya kwanza dakika 1, ya pili dakika 2, nyongeza sekunde 5 katika zote mbili. Nyongeza huwekwa kwa kila awamu peke yake kwenye saa nyingi, na hapo ndipo watu hukosea: wanaijaza ya kwanza, wanaisahau ya pili, na baada ya hatua ya 40 wachezaji wanabaki bila sekunde zao. Hakikisha pia nyongeza imeingia kabla ya hatua ya kwanza. Katika muda ule wa dakika 90, mchezaji anapaswa kupata jumla ya dakika 110 kwa hatua 40. Nyongeza ikikosekana anapoteza dakika 20 nzima.

Kisha iache awamu ya kwanza ifike sifuri uone kama ya pili inaingia yenyewe. Kama saa ina kihesabu cha hatua kinachoamua lini awamu ya pili iingie, kumbuka kinahesabu mibonyezo ya kitufe. Mchezaji akisahau kubonyeza mara moja, au akibonyeza mara mbili wakati wa ubishi, hesabu imepotoka, na ushahidi unabaki karatasi ya kuandikia hatua. Kwa klabu changa napendelea muda uongezwe awamu inapofika sifuri, bila kutegemea kihesabu.

Jaribio la mwisho ni la waamuzi. Simamisha mchezo katikati, mwongeze mchezaji mmoja dakika 2, uendelee. Hiyo ndiyo adhabu ya hatua haramu ya kwanza katika mchezo wa muda mrefu: mpinzani anapewa dakika 2. Saa inayokulazimisha kuanza upya ili kufanya hivyo itasimamisha raundi nzima, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha jinsi ya kufanya hivyo, nenda duka jingine.