eSIM za safari: nazisifu, ila waniambie data inatokea wapi

Khalati yangu ana duka la mabuibui na madera hapa Mombasa, upande wa Biashara Street, na akienda kufuata mzigo Istanbul au Dubai hunichukua. Yeye husema ananichukua kwa sababu najua simu. Mimi naweza kwenda kwa sababu kazi yangu haina ofisi: nafanya mahesabu ya wateja walioko Uholanzi, na penye intaneti ya maana nafunga mwezi, iwe ni kwetu Tudor au kwingineko. Sasa hiyo intaneti ya maana ndiyo shida. Waifai za hoteli za Laleli, kule Istanbul, wallahi, picha moja ya bui inapanda mpaka chai inapoa. Ndiyo nikaingia kwenye hizi eSIM za wasafiri, laini zisizo na kadi zinazonunuliwa na kuwekwa kwa simu yenyewe, na nimeshanunua kwa kampuni zaidi ya moja.

Kilichonivuta si bei, ni M-Pesa. Zamani ukifika ugenini unaitoa laini ya Safaricom kwa pini, unaikunja kwenye tishu, unaitia pochini, halafu benki inatuma namba ya kuthibitisha kwenye laini iliyolala pochini. Kwa eSIM, laini ya nyumbani haitoki mahali pake. Upande wa Safaricom nazima data ya romingi, yaani ya kutumia laini ya nyumbani ukiwa ugenini (hili usilisahau, utakatwa pesa uone ajabu), upande wa eSIM naiwasha, basi. Meseji za benki zinaingia, na mimi sijakatwa hata senti kwa kuzipokea. WhatsApp inabaki na namba ile ile. Khalati akitaka kumlipa mtu aliye Mombasa, nafungua programu ya M-Pesa pale pale dukani, na mzee wa Kituruki bado anapigapiga kikokotoo chake.

Kuiweka ni jambo la dakika chache: unanunua kwa kadi, unaletewa msimbo wa QR au kitufe cha kubonyeza, laini inashuka kwenye simu. Lakini fanya hivyo ukiwa bado nyumbani, kabla hujaenda uwanja wa Moi. Kwa Uturuki hasa nasisitiza, kwa sababu Julai 2025 mamlaka ya mawasiliano ya kule, BTK, ilifunga tovuti na programu za kampuni kadhaa za kigeni za eSIM, zikiwemo Airalo na Holafly. Ukitua hujanunua, umebaki na laini za watalii za madukani, na bei yake ni ya mtalii kweli. Ukitua nayo tayari ndani ya simu, inashika mtandao kama kawaida. Soma pia muda unaanza kuhesabiwa lini: wengine ni tangu simu ishike mnara wa kule, wengine ni tangu siku ya kuiweka.

Na simu yenyewe je? Bonyeza *#06#. Ukiona EID, namba ndefu ya tarakimu 32, simu yako ina eSIM. Usipoiona, usipoteze pesa. Samsung nyingi za bei ya chini zinazouzwa mjini kwetu hazina. iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara zina matundu mawili ya laini na eSIM hazina, kwa hiyo usidanganyike na umbo. Na hizi za mtumba zilizofungwa kwa kampuni moja ya simu ya Marekani au Uingereza zinaweza kukataa laini ya mtu mwingine hata kama EID ipo.

Sasa lawama yangu, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika. Ukiwa Istanbul simu inaandika Turkcell, kampuni ya simu ya kule, juu ya kioo, mistari imejaa, unajiona umefika. Kumbe data haiingii intaneti pale. Inasafirishwa kwanza hadi nchi nyingine, mara nyingi ya kampuni iliyotoa laini, ndipo itoke. Ni kama mtu wa Likoni umtume Kongowea apitie Voi. Kampuni moja, siitaji, data yake ilitokea Hong Kong. Mimi niko Uturuki, mteja wangu yuko Uholanzi, na kila neno la mkutano linazunguka Asia ya mbali kwanza! Nilipima data kwenda na kurudi: zaidi ya milisekunde 300. Kupakua faili hakuna tatizo, filamu unatazama, lakini mkutano wa video unakuwa wa kukatizana maneno, kila mtu anasema "samahani, endelea wewe". Sisi wa Mombasa tumedekezwa kidogo katika hili. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa kwetu mwaka 2009, na faiba ya nyumbani inanifikisha Ulaya bila kelele.

Hiyo si yote. Mfumo wa mahesabu wa mteja uliona naingia kutoka Hong Kong ukanifungia nje, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi. Nikashinda kwenye simu na kijana wao wa kompyuta kumweleza kwamba mimi ni mimi. Safari iliyofuata nilinunua kwa kampuni nyingine, inayotokea Poland, na tofauti ilikuwa ya mchana na usiku: mkutano ulikwenda sawa, mfumo haukuuliza kitu. Bei zilikaribiana. Lakini ilinibidi niwaandikie huduma kwa wateja kuwauliza, maana kwenye ukurasa wa kununulia hakuna mahali palipoandikwa. Kwa mtu wa kazi, habari hii ni muhimu kuliko idadi ya gigabaiti.

Na zile zinazojiita "bila kikomo" ziacheni. Niliyonunua mimi, nikipita gigabaiti 2 kwa siku inapunguzwa kasi hadi kesho, na kushirikisha laptopu kupitia simu nako kuliwekewa kipimo. Yote yapo kwenye masharti, kwa herufi za sisimizi. Afadhali bando la gigabaiti zinazohesabika, uongeze likikaribia kwisha. Kwangu gigabaiti 10 zinatosha wiki ya mahesabu na mikutano, mradi nazima masasisho ya kompyuta na picha zisijipandishe zenyewe.

Dubai mambo yaligeuka. Kule kupiga simu ya WhatsApp kwa laini za pale hakuwezekani, imezuiwa. Lakini kwa kuwa data ya eSIM inatokea nje ya nchi, simu yangu ya WhatsApp ilipita bila taabu. Mzunguko ule ule nilioulaani Istanbul, hapa Deira, mtaa wa Dubai, ukawa neema. Khalati aliichukua simu yangu siku nzima, anazunguka soko la Naif anawaonyesha wateja wake wa Mombasa vitambaa kwa video. "Hii shanga yaonekana, mamangu? Sogea karibu? Haya!" Bando liliteketea kabla ya magharibi, na bili nilimpa yeye.

Kwenye eSIM zenyewe kwa kawaida huwezi kupigiwa kwa namba ya simu. Nyingi ni za data tupu. Hilo halikunisumbua.

Nazipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku watakapoandika pale pale kwenye bei, kwa herufi za kusomeka, data inatokea nchi gani.