Masjala ya Tanga: jalada au kompyuta?

Afisa huhamishwa, jalada hubaki masjala, chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Ndiyo maana serikali haiendi kwa mdomo. Ubishi uliopo ni mahali pa kuandikia: karatasi au kompyuta.

Kwa gharama, karatasi huanza na kidogo: jalada, tegi (uzi wa kufungia karatasi), wino. Kompyuta hudai umeme, betri ya akiba na fundi.

Kwenye kuaminika ndiko kwenye utamu. Kila barua jaladani hupewa namba ya folio, kona ya juu kulia. Folio 14 ikichomolewa, 13 na 15 zitasema. Kompyuta isiyoweka rekodi ya nani kabadili nini, tarakimu zaweza kufutwa kimyakimya. Ila jalada likiungua ndiyo basi. Kompyuta yenye nakala nje ya jengo hurudisha yote yaliyonakiliwa.

Matunzo? Upepo wa bahari hauchagui. Pini za chuma hushika kutu na kula karatasi, basi funga kwa tegi ya uzi yenye ncha za plastiki, na rafu zisiguse ukuta, njia ya mchwa ionekane. Kompyuta nayo huliwa na chumvi hiyohiyo.

Ofisi ya mtaa ambako umeme hukatika, daftari linatosha. Halmashauri ambako majalada husakwa kutwa inahitaji kompyuta, lakini hati za ardhi zenye sahihi na muhuri zisitupwe hata zikishaskaniwa.