Seti za bembea za karakana za Arusha: chuma kinafaa, chini ndiko kwenye tatizo

Kwenye karakana za kuchomelea za Arusha na Moshi utakuta karibu seti ileile: bembea mbili, slaidi ya bati, ngazi ya kukwea, rangi nyekundu na njano. Wateja ni shule za awali na bustani za nyama choma zenye kona ya watoto. Tukiilinganisha na ya plastiki iliyoagizwa nje, tunachagua ya chuma. Plastiki isiyo na kinga ya jua hupauka, hukakamaa, kisha hupasuka kwenye matundu ya bolti, na kipuri hakipatikani. Chuma kikikatika, fundi yuko jirani.

Ila usinunue iliyokwisha kupakwa rangi, agiza yako. Nyingi ni za bomba jeusi (lisilo na zinki) la geji 16, kama mm 1.5 hivi, jembamba mno kwa nguzo za bembea. Taka bomba la maji la mabati, inchi 2, unene wa karibu mm 3. Moto wa kuchomelea huunguza zinki inayolinda mabati, kwa hiyo kila maungio yapigwe msasa na kupakwa rangi ya zinki. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya mabati hubanduka magamba. Itangulie praima ya mabati.

Kutu huanzia pale bomba linapozama kwenye zege. Rangi huvimba malengelenge, ukidunga kwa bisibisi inaingia. Kichwa cha zege kiinamishwe kitoe maji, kilale chini ya mchanga, na bomba lipakwe lami sehemu hiyo. Vichwa vya juu vya bomba vizibwe, la sivyo maji ya masika yatalila kutokea ndani.

Minyororo ndiyo aibu ya mafundi wetu: nondo imekunjwa kuwa ndoano, pete inasaga pete. Dai beringi, na ndoano iliyofumbwa. Mwanya wa ndoano unaopitisha kadi ya benki ni mpana mno, hunasa nguo. Kwenye ngazi na vizuizi, epuka nafasi za kati ya sm 9 na 23: mwili unapita, kichwa kinabaki.

Kuhusu slaidi ya bati, ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kuielekeza kaskazini hausaidii huku. Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba liko kusini. Kinachosaidia ni kivuli, cha mti au cha turubai.

Sasa chini, wanapoangukia watoto, ambako hakuna karakana inayokuuliza. Moram ikishindiliwa ni sakafu tu. Nyasi nazo hazihesabiki, kwa sababu chini ya bembea huisha mapema na kubaki udongo mgumu. Nyasi bandia bila godoro chini yake ni pambo. Maranda ya seremala hupeperuka. Vipande vinene vya mti ni bora, mradi mchwa wadhibitiwe. Kwa bei, mchanga wa mto uliooshwa ndio unaofaa, usio na vumbi wala udongo, maana wenye vumbi au udongo hushikamana ukilowa.

Kina kinategemea urefu wa kuanguka. Mwongozo wa CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, unahesabu sm 23 za mchanga kuwa zinatosha anguko la mita 1.2 tu. Kwa hiyo jukwaa la chekechea lisizidi hapo, na chini ya bembea mimina sm 40. Eneo nalo si dogo: mbele na nyuma ya bembea acha, kila upande, mara mbili ya kimo cha boriti inayobeba bembea, pembeni mita 1.8 kila upande. Boriti ya kimo cha mita 2.2 na urefu wa mita 3 inadai mita 8.8 kwa 6.6, yaani kwa kina cha sm 40 ni mita za ujazo 23 za mchanga. Uliza bei ya malori ya mchanga huo kabla ya kulipia seti; ikikushinda, punguza kimo cha bembea, usipunguze mchanga.

Chuma cha mabati tunakipa 4 kati ya 5. Huduma ya kufunga, 2: wanachimba, wanamwaga zege, wanaondoka. Jiandae kununua reki mwenyewe, kwa sababu miguu ya watoto huusukuma mchanga pembeni na shimo hutokea palepale wanapoangukia.