DhowCSD: miezi ndani ya jahazi la Benki Kuu

Mfumo wa DhowCSD, ambao Benki Kuu ya Kenya iliuzindua mwaka 2023 ili mwananchi anunue dhamana za serikali, yaani aikopeshe serikali fedha kwa riba, kwa simu au kompyuta yake, umepewa jina la jahazi, na sisi wa Mombasa tunajua kuwa chombo cha tanga hakiendi kwa matakwa ya nahodha peke yake. Nauza viungo Marikiti, na niliingia katikati ya mwaka 2024.

Zamani mnunuzi alijaza fomu za karatasi, akazipitisha benki yake zipigwe saini, kisha akazifikisha Benki Kuu, ambayo tawi lake hapa liko Barabara ya Nkrumah. Siku hizi kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki vinatosha, na kazi yote niliimaliza nikiwa nimekaa dukani kati ya wateja wawili.

Nilichagua dhamana ya siku 91, inayonadiwa kila Alhamisi na kulipiwa Jumatatu inayofuata. Asiyetaka kushindana na mabenki makubwa hutaja kiasi tu, akakubali riba ya wastani itakayotokea mnadani. Hununui kwa bei kamili, bali hulipwa kiasi kamili inapokomaa: riba ilipokuwa karibu asilimia 16, dhamana ya shilingi 100,000 iligharimu takriban 96,160, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 ya riba hiyo faida halisi ilikuwa kama shilingi 3,260. Fedha iliingia kwenye akaunti yangu siku ya kukomaa, bila ya mimi kumpigia mtu simu.

Usumbufu niliupata kwa benki ya biashara ninayoitumia, ambayo sitaitaja. Jumatatu ya kwanza ilichelewesha malipo hadi nikalazimika kufunga duka na kusimama foleni mbele ya dirisha la keshia, saa ya mwisho ikikaribia. Tangu hapo fedha huziandaa Ijumaa.

Jirani yangu wa Mji wa Kale nilipomwonyesha hakutaka hata kuisikia, kwani kwake faida hiyo ni riba na riba ni haramu. Sikubishana naye.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni upepo wenyewe. Mfumuko wa bei uliposhuka chini ya asilimia 5, ambayo ndiyo katikati ya lengo la serikali, na shilingi ikawa imeimarika, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ilianza Agosti 2024 kuishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 13, ikafika 9.5 Agosti 2025. Riba ya siku 91 ilifuata, hadi karibu asilimia 8, na dhamana ileile ya shilingi 100,000 ikawa inaniachia kama shilingi 1,660 tu, yaani nusu ya awali. Wanaolalamika kwamba mfumo umewapunja wanailaumu mizani kwa uzito wa gunia, ijapokuwa nakiri kuwa siku ya kwanza kuona hesabu hiyo nami nilinuna.

Kwa huduma naupa nyota nne kati ya tano, na ningempendekezea yeyote mwenye fedha asiyoihitaji kwa miezi mitatu. Mwenyewe fedha ya karo ya watoto nimeiacha humo. Ya kununulia iliki na mdalasini nimeirudisha dukani.